Vitofali vya mapambo barabarani: kusoma dalili, kutafuta chanzo na kurekebisha

Barabara ya mjini iliyotandazwa vitofali vya mapambo, ambavyo wengine huviita pevingi na wengine kabro, huonekana kama sakafu moja, lakini kwa hakika ni matabaka yanayotegemeana. Chini kabisa kuna udongo asilia ulioshindiliwa, juu yake tabaka la msingi la kokoto, kisha mchanga wa kutandikia, halafu vitofali vyenyewe pamoja na mchanga mwembamba unaojaza maungio, na pembeni ukingo wa zege unaozuia vyote visisambae. Kasoro nyingi zinazolalamikiwa huonekana juu, ilhali zimezaliwa chini au pembeni. Ni mara chache sana kitofali chenyewe kuwa chanzo, na ndiyo maana anayekimbilia kubadilisha vitofali bila kuangalia kilicho chini yake hurudia kazi ileile baada ya msimu mmoja wa mvua.

Uchunguzi hauhitaji vifaa vingi. Rula iliyonyooka yenye urefu wa mita 3, futi ya kupimia, bisibisi nyembamba, pimamaji, kamba, chaki na ndoo ya maji vinatosha kwa hatua za mwanzo, na wakati mzuri wa kukagua ni mara tu mvua inapokatika, kwa kuwa maji huonyesha yanayofichwa na ukavu. Kwa kuwa barabara ya mjini ni mali ya umma, hakuna kitofali kinachopaswa kung'olewa kabla ya kupata kibali cha mamlaka inayoisimamia, kuzungushia eneo vizuizi vinavyoonekana mchana na usiku, na kupata ramani ya mabomba na nyaya zilizopita chini.

Kabla ya yote, tambua aina ya ujenzi

Chomeka bisibisi katika ungio. Ikiingia kwenye mchanga mkavu, barabara hiyo ni ya aina inayonyumbulika, ambamo vitofali hushikana kwa msuguano wa mchanga pekee. Ikigonga kitu kigumu, maungio yamejazwa mchanganyiko wa saruji, na yamkini chini kuna zege. Ikikuta kokoto ndogo safi zisizo na mchanga, hiyo ni barabara iliyokusudiwa kupitisha maji. Jambo hili linatangulizwa kwa sababu tiba ya aina moja ni sumu kwa nyingine: saruji ikimwagwa katika maungio ya barabara inayonyumbulika hupasuka mara magari yanapopita, na mchanga ukifagiliwa katika barabara ya kupitisha maji huziba njia zote ambazo maji yalitengenezewa.

Dalili ya kwanza: barabara imebonyea

Hili ni lalamiko la kawaida, nalo lina sura kadhaa. Laza rula ya mita 3 juu ya mbonyeo na upime nafasi iliyobaki chini yake. Mahali ambapo nafasi hiyo inazidi milimita 10 panastahili kuchunguzwa, hasa pakiendelea kushuka kati ya kipimo kimoja na kingine. Kisha tazama umbo la mbonyeo kabla ya kugusa kitu, kwa maana umbo lenyewe hutaja chanzo.

Mbonyeo mwembamba ulionyooka, unaokatiza barabara au kufuata upande mmoja wake, mara nyingi ni alama ya mtaro uliochimbwa kupitisha bomba au waya, kisha ukafukiwa kwa haraka. Udongo uliorudishwa kwa wingi na kushindiliwa juujuu tu huendelea kujishindilia wenyewe kwa miezi kadhaa, na vitofali huufuata. Mbonyeo unaozunguka kifuniko cha chemba au unaoambatana na ukingo una sababu ya karibu na hiyo: mashine ya kushindilia haikufika kwenye kona hizo, au mchanga wa kutandikia unatoroka kupitia nyufa za chemba.

Mifuo miwili mirefu inayolingana na njia ya magurudumu huelekeza kwenye mchanga wa kutandikia au tabaka la msingi. Subiri gari zito lipite wakati barabara imelowa: maji yenye tope yakiruka kutoka kwenye maungio, mchanga ulio chini umejaa vumbi na udongo, unashikilia maji, na kila gurudumu linausukuma nje kama pampu. Hapa ndipo ubora wa mchanga unapojidhihirisha. Mchanga wa kutandikia unatakiwa kuwa wa chembe kali, safi, wenye vumbi kidogo sana. Mchanga laini wa kupigia lipu, ambao fundi huupenda kwa sababu unasawazika kwa urahisi, haufai chini ya magari.

Mbonyeo mpana wenye sura ya sahani, usio na uhusiano na magurudumu wala mtaro, ni wa nadra zaidi, nao ndio wa kuogopwa. Bomba la maji au la majitaka linalovuja huweza kuchukua udongo kidogo kidogo hadi likaacha pango lililofunikwa na vitofali vinavyoshikana tu kwa msuguano. Gonga kwa mpini wa nyundo ukiwa umesimama nje ya mbonyeo na usikilize kama sauti inabadilika kuwa ya kitu kitupu.

Simama hapa na uite wataalamu ikiwa sauti ni tupu katika eneo kubwa, ikiwa mbonyeo unazidi kushuka ndani ya siku chache, ikiwa unasikia maji yakitiririka wakati hakuna mvua, au ikiwa kuna harufu ya majitaka au ya gesi. Zuia watu na magari, kisha toa taarifa kwa wenye mabomba na kwa mhandisi wa barabara. Usipande juu ya eneo hilo ili kuhakikisha, na kwenye harufu ya gesi usiwashe mashine wala moto wa aina yoyote.

Dalili hizo zisipokuwapo, hatua inayofuata ni kufungua, na urahisi wa kufungua ndio sifa kubwa ya vitofali ambayo lami na zege havina. Piga picha ya mpangilio, chora mistari ya chaki, kisha toa mchanga kuzunguka kitofali kimoja na ukiinue kwa bisibisi mbili bapa zilizochomekwa pande mbili zinazotazamana. Cha kwanza kikitoka, vingine hufuata bila shida. Ondoa hadi angalau nusu mita nje ya mwisho wa mbonyeo, kwa kuwa vile vya pembezoni navyo vimeanza kuinama.

Pima unene wa mchanga uliobaki. Kiasi kinachokubalika ni kati ya milimita 25 na 40. Ukikuta milimita 70 au zaidi, umepata jibu: aliyejenga alitumia mchanga kufidia mashimo ya tabaka la msingi, na mchanga mnene hushuka bila usawa. Ukikuta mchanga ni wa kawaida lakini kokoto zilizo chini zimefuata umbo la mbonyeo, kosa liko katika msingi wenyewe, ama ulikuwa mwembamba, ama haukushindiliwa vya kutosha, ama udongo ulio chini yake umelowa.

Marekebisho yanaanzia pale kosa lilipo na si juu yake. Ondoa mchanga wote wa zamani, usiuchanganye na mpya. Ongeza kokoto za msingi kwa matabaka yasiyozidi milimita 150, au milimita 100 kwa mashine ndogo, ukizilowesha kidogo na kushindilia kila tabaka hadi mashine ianze kurukaruka badala ya kuzama. Juu ya msingi uliosawazika tandaza mchanga mpya kwa unene mmoja, ukwangue kwa ubao ulionyooka, na baada ya hapo mguu usiukanyage. Rudisha vitofali vikiwa juu ya majirani zao kwa milimita chache, kwa kuwa mchanga utashuka vitakaposhindiliwa; pitisha mashine bapa ya kushindilia, fagia mchanga mkavu katika maungio, pitisha mashine tena, na urudie mpaka maungio yakatae kupokea mchanga zaidi. Sehemu ambayo haijawekewa ukingo isishindiliwe hadi mwisho: acha mita 1 kutoka kwenye ncha iliyo wazi.

Ikiwa udongo wa chini ni tope jeusi linalobonyea kwa kidole, au ikiwa mifuo imeenea katika mtaa mzima, hiyo si kazi ya kiraka. Inahitaji mhandisi apime uwezo wa udongo na kubuni msingi upya, na kila fedha itakayotumika juu yake kabla ya kipimo hicho itapotea.

Dalili ya pili: vitofali vinacheza na maungio yamepanuka

Kitofali kinacholia "tak" mguu unapokikanyaga kimepoteza washirika wake. Nguvu ya sakafu hii haitoki kwenye uzito wa kila kitofali, bali kwenye namna mzigo unavyosambazwa kutoka kimoja hadi kingine kupitia mchanga uliobanwa katikati yao. Mchanga huo ukipungua, kila kitofali hubeba gurudumu peke yake.

Sababu ya kawaida kabisa ndiyo nyepesi kuliko zote: mchanga wa maungio umetoka. Hufyonzwa na magari ya kufagia barabara, huondolewa na mashine za kuoshea kwa shinikizo zinapoelekezwa wima kwenye maungio, huchukuliwa na mvua kwenye miteremko, au haukujazwa ipasavyo tangu mwanzo. Ingiza bisibisi katika maungio kumi yaliyo mbalimbali. Mchanga unapaswa kufika karibu na juu, ukibakiza takriban milimita 3 chini ya ukingo ulioparwa wa kitofali. Ukiwa umeshuka hadi nusu ya kina, jaza mara moja. Mchanga wa maungio uwe mkavu kabisa na mwembamba kuliko ule wa kutandikia, na ufagiliwe kwa mshazari kuelekea pande zote. Kujaza kwa ufagio bila kutikisa kwa mashine huacha mapango ya hewa katikati, na siku ya mvua ya kwanza mchanga hushuka tena.

Pili, ukingo umesogea. Vuta kamba kando ya ukingo kwa urefu wa mita kadhaa, kisha fanya hivyo kwenye mstari wa maungio; mstari uliopinda kuelekea nje unaonyesha mahali mlango ulipofunguka. Maungio ya barabara ya magari huwa na upana wa milimita 2 hadi 5. Yakifika milimita 8 au 10 hakuna mchanga utakaoyashika, hivyo usiyajaze kabla ya kurudisha ukingo. Fukua nyuma yake, jenga mhimili mpya wa zege, uache ukomae, ndipo usogeze vitofali kwa nyundo ya mpira mpaka mistari inyooke. Pale ambapo mchanga ulikuwa unapenya chini au pembeni mwa ukingo, tandika kipande cha kitambaa cha jiotekstaili juu ya msingi na ukikunje kupanda ukingoni. Maji yatapita na mchanga utabaki.

Sababu ya tatu ni mpangilio wenyewe. Vitofali vilivyopangwa kwa mistari iliyonyooka inayofuata mwendo wa magari husukumwa kidogo kidogo kila dereva anapokanyaga breki, na kwenye makutano au mteremko mistari hiyo hugeuka kuwa mawimbi. Mpangilio unaofanana na mifupa ya samaki, ambamo kila kitofali humzuia jirani yake kwa upande na kwa ncha, ndio unaostahimili breki na kona, na sijaona sababu ya kutumia mwingine mahali magari yanapopita. Mapambo yanaweza kutafutwa kwa rangi bila kuathiri mpangilio. Mwishowe angalia vipande vilivyokatwa pembeni: kipande kidogo kuliko theluthi moja ya kitofali hakina uzito wala eneo la kushikwa na kitang'oka. Badala ya kukirudisha, kata upya kitofali cha jirani ili viwili viwe na ukubwa wa karibu.

Dalili ya tatu: nyufa na kona zilizovunjika

Angalia kwanza kama vilivyopasuka viko mahali magari yanapopita au kila mahali. Vikiwa kwenye njia ya magari tu, pima unene. Kitofali cha zege cha milimita 60 kinafaa njia za waenda kwa miguu na magari mepesi. Barabara ya mjini huhitaji milimita 80. Vigae vikubwa na vyembamba, ambavyo wabunifu huvipenda kwa sababu ya sura yao tulivu, ndivyo vinavyovunjika mapema zaidi, kwa kuwa kipande kirefu huinama katikati. Kwa barabara ya magari urefu wa kitofali usizidi mara tatu ya unene wake. Lori moja la kuzoa taka likipita kila wiki linatosha kuharibu uwanja uliokusudiwa watembeaji, na hakuna mchanga utakaookoa kigae kilichochaguliwa vibaya. Ama kibadilishwe, ama lori lizuiwe.

Kona zilizomeguka huku katikati pakiwa pazima ni hadithi nyingine. Chanzo chake cha kawaida ni vitofali vilivyopangwa vikigusana bila nafasi ya mchanga: mzigo ukishuka, zege linasagana na zege. Jiwe dogo lililosahauliwa ndani ya mchanga wa kutandikia nalo hupasua kitofali katikati kwa mstari mmoja, na utalikuta mara utakapokiinua. Katika nchi zenye baridi kali, maji yanayoganda ndani ya zege dhaifu pamoja na chumvi ya kuyeyushia barafu huchuna uso wote, dalili ambayo haichanganyiki na nyingine.

Barabara yenye maungio ya saruji juu ya zege hupasuka kwa sababu zake yenyewe. Ufa mrefu unaopita moja kwa moja katika vipande vingi kwa kawaida umefuata ufa au ungio la zege lililo chini, ambalo halikuendelezwa hadi juu. Vipande vilivyoinuka kama paa wakati wa joto kali vimekosa nafasi za kutanukia. Vinavyotoa sauti tupu vimeachana na mchanganyiko uliovishika. Kipande kimoja au viwili vinaweza kung'olewa na kubandikwa upya, lakini sauti tupu ikienea katika sehemu kubwa ya eneo, kubandika kimoja kimoja kutaachisha vingine, na uamuzi wa kubomoa au kubakiza unapaswa kutolewa na mhandisi baada ya kukagua zege.

Anayekata vitofali vya kubadilisha akate kwa msumeno unaomwagiwa maji na avae barakoa ya kuzuia vumbi jembamba, miwani na vizuia sauti. Vumbi la zege na mawe lina silika, ambayo huharibu mapafu bila tiba ya kuyarudisha, na linalorushwa mtaani huvutwa pia na wapitaji.

Dalili ya nne: maji yanatuama

Anza na kisicho na gharama: fungua wavu wa mfereji na uondoe majani na mchanga. Kisha linganisha kimo. Vitofali vinapaswa kuwa juu ya wavu kwa milimita 3 hadi 6 ili hata vikishuka kidogo maji yaendelee kuuingia. Mahali pengi wavu umebaki juu kama kisiwa huku vitofali vikiwa vimeshuka kuuzunguka. Baada ya hapo pima mteremko kwa pimamaji: uso unahitaji kushuka walau sentimita 2 kwa kila mita. Dimbwi dogo katikati ya mteremko mzuri ni mbonyeo, nao unatibiwa kama ilivyoelezwa juu. Dimbwi refu kila upande wa mtaa ni kosa la usanifu, na halirekebishwi kwa kuinua safu tatu za vitofali.

Kuna maji mengine yasiyoonekana ambayo hudhuru zaidi. Vitofali vilivyotandazwa kwa mchanga juu ya zege au lami huruhusu maji kidogo kupita, nayo yakikosa pa kutokea hulala ndani ya mchanga. Maungio yanayobaki na unyevu siku nyingi baada ya mvua ndiyo ishara yake. Dawa ni kufungua sehemu ya chini kabisa ya mteremko, kutoboa zege matundu ya kipenyo cha milimita 50, kuyajaza kokoto safi na kuyafunika kwa kitambaa cha jiotekstaili kabla ya kurudisha mchanga. Usitoboe bila ramani ya nyaya za umeme mkononi.

Kwa barabara iliyokusudiwa kupitisha maji, dimbwi lolote linalotuama ni dalili ya kuziba. Mwaga ndoo ya maji mahali pachafu na nyingine mahali pasafi, ulinganishe muda. Tope kwa kawaida hukaa sentimita chache za juu za maungio, hivyo mashine ya kufyonza inaweza kutoa kokoto zilizochafuka na zikawekwa safi. Tafuta pia tope lilikotoka, kwa sababu bustani iliyo juu ya barabara au lundo la mchanga wa ujenzi litaziba tena ndani ya mwezi mmoja.

Dalili ya tano: watu wanajikwaa au kuteleza

Naomba sehemu hii isipimwe kwa uzuri wa macho. Tofauti ya kimo ambayo kijana haioni humwangusha mzee, na husimamisha gurudumu la mbele la kiti cha mlemavu. Vigezo vya Marekani vya ufikivu haviruhusu kikwazo wima kinachozidi takriban milimita 6 kibaki bila kuchongwa, na fundi mzuri hulenga nusu yake.

Kitofali kimoja kilichoinuka ama kililazwa juu ya mchanga mwingi ama kina jiwe chini. Kiinue, kwangua, ukirudishe. Safu nzima iliyoinuka karibu na mti ni mizizi. Hapa weka chini panga na shoka: mzizi mkubwa uliokatwa huweza kuuangusha mti wenyewe miezi baadaye. Mtaalamu wa miti aamue kipi kikatwe, na mara nyingi jibu zuri ni kupanua shimo la mti na kuinua uso kwa mteremko mpole juu ya mizizi.

Utelezi huanza na mwani wa kijani mahali penye kivuli, nao husuguliwa kwa brashi ngumu. Ukibaki hata baada ya usafi, uso umeng'arishwa na miguu. Mawe ya chokaa huwa laini hivyo, na barabara za Lisbon, Ureno, zilizopambwa kwa vijiwe vyeusi na vyeupe zinajulikana kwa utelezi wakati wa mvua. Jiwe la namna hiyo linahitaji kukwaruzwa upya kwa mashine, kazi ya wataalamu. Sababu ya mwisho ni rangi ya kung'arisha iliyopakwa na mwenye duka au jengo kwa nia njema; iondolewe kabisa.

Usisahau vitofali vyenye vinundu na mistari vinavyowaongoza wasioona, ambavyo Seiichi Miyake alivibuni Japani na vikawekwa kwa mara ya kwanza mjini Okayama mwaka 1967. Vinapong'olewa katika matengenezo na kurudishwa kwa kugeuzwa, mistari huelekeza kwenye magari badala ya kivuko. Hakiki mwelekeo wa kila kimoja kabla ya kufungua njia.

Dalili ya sita: weupe, madoa na rangi iliyofifia

Unga mweupe juu ya vitofali vipya vya zege huwatisha wengi bila sababu. Chokaa iliyomo katika saruji huyeyuka kwa unyevu, hupanda juu, na ikikutana na hewa ya kabonidioksidi huwa kabonati ya kalsiamu. Haiathiri nguvu, na mvua na nyayo huiondoa yenyewe baada ya miezi. Kosa ni kuifunika kwa rangi ya kuzuia maji kabla haijaisha, kwa maana itafungiwa ndani. Ikibidi kusafisha, tumia kisafishaji cha asidi hafifu kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, ukijaribu kwanza mahali pasipoonekana, na kamwe usikitumie juu ya marumaru au jiwe la chokaa, kwani asidi hulila jiwe lenyewe. Utando mweupe uliotokea siku ileile maungio yalipojazwa mchanga wenye gundi si chokaa. Ni vumbi lililoachwa juu kabla ya kumwagiwa maji.

Mafuta ya gari yafyonzwe kwanza kwa mchanga mkavu, kisha yasuguliwe kwa sabuni ya kuondoa grisi. Kutu huondolewa kwa asidi ya oksaliki. Rangi za oksidi ya chuma hustahimili jua, ila nyeusi inayotokana na kaboni huoshwa polepole na kuacha kijivu. Mabaka makubwa ya rangi tofauti yaliyokuwapo tangu siku ya kwanza yanatokana na kutandaza paleti moja, yaani chanja moja ya mbao iliyobeba vitofali, baada ya nyingine badala ya kuchanganya kutoka paleti tatu au zaidi kwa wakati mmoja.

Magugu na sisimizi

Magugu mengi hayaoti kutoka chini. Mbegu huletwa na upepo na kumea katika vumbi lililojaa juu ya maungio. Kufagia mara kwa mara na maungio yaliyojaa vyema huyazuia kuliko dawa. Sisimizi hupenda mchanga mkavu uliolegea, hivyo vichuguu vyao ni taarifa kwamba maungio yanahitaji kujazwa.

Kiraka kisichokubali kurudi

Mabomba yakishatengenezwa, mara nyingi vitofali hukataa kuingia katika nafasi viliyotoka, au vichache vimevunjika na pengo likazibwa kwa lami. Ikiwa pengo limepungua, vitofali vya pembezoni vimesogea ndani wakati shimo lilipokuwa wazi; fungua safu mbili zaidi kila upande na uanze tena kutoka kwenye mstari uliobaki mnyoofu. Siku nyingine, kabla ya kuchimba, shikiliza kingo za shimo kwa mbao zilizokazwa. Upungufu wa vitofali utatuliwe kwa akiba iliyowekwa siku ya ujenzi, na isipokuwapo, chukua vya zamani kutoka pembe isiyoonekana na uweke vipya huko, ili rangi katikati ya mtaa ibaki moja. Baada ya wiki chache za magari kupita, rudi na ndoo ya mchanga mkavu ujaze maungio ya kiraka tena, kwa sababu yatakuwa yameshuka.